Pikipiki ya Binti wa Mdogo Wangu

Nimekuwa fundi wa pikipiki pale Rhonda, mtaa wa Nakuru, kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na desturi moja ambayo hakuna mteja aliyewahi kuilalamikia. Mtu asiyejua kuendesha akiniletea pikipiki mpya kabisa, kiti bado kimefunikwa nailoni, nilichukua spana, nikachuchumaa mbele ya gurudumu la mbele na kulegeza nati ya waya wa breki, hadi ule mkono wa breki ukafika kwenye usukani bila kushika chochote. Kisha nikamwambia, "Hii ya mbele achana nayo kabisa, itakurusha. Tumia mguu." Mteja alishukuru. Mafundi wenzangu walifanya vivyo hivyo, waliotufundisha sisi walifanya vivyo hivyo, na kama ungetuuliza tungekuapia kwamba tunaokoa maisha ya watu.

Mdogo wangu nilimlegezea pia.

Alikuwa anaishi Subukia na mke wake na binti yao mmoja, akilima kahawa kidogo na kufuga ng'ombe wawili. Alinunua pikipiki ili apeleke maziwa na kubeba watu siku za soko. Nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa siku tatu, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kila vidole vyake vilipoelekea kwenye breki ya mbele nilimfokea. Mimi ni mtu wa kufoka, sitakuficha, na kwa mdogo wangu sikujizuia hata kidogo. Kufikia siku ya tatu alikuwa anasimama kwa mguu peke yake, nami nikampiga begani nikamwambia sasa ameiva.

Mwaka uliofuata alikuwa anashuka mteremko wa Subukia akiwa amembeba mke wake kutoka sokoni. Lori la mahindi lilikuwa limeharibika kwenye kona, na wenyewe walikuwa wametandaza matawi barabarani ili kuonya watu. Mdogo wangu aliyaona matawi. Alikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote, gurudumu la nyuma likafunga, na pikipiki ikateleza moja kwa moja mpaka chini ya mkia wa lori. Yeye alivunjika mguu mara mbili. Mke wake alifariki palepale, kabla ya gari lolote kupatikana. Binti yao alikuwa na miaka minane.

Siku ya mazishi, mdogo wangu alisimama kwa magongo mbele ya wakwe zake akasema, "Mguu wangu ulichelewa." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimemshika kiwiko asianguke. Wakwe zake hawajamsalimia tangu siku hiyo. Hakupanda tena pikipiki. Alifungua duka la chakula cha mifugo pale Subukia, na kila akitembea unamwona anaukanyagia ule mguu kwa hasira, anauadhibu.

Nisijitetee sana, lakini ukweli ni kwamba wakati ule sikuiwazia breki ya mbele hata kidogo. Niliamini kwamba kama angeigusa wangekufa wote wawili. Shaka ilinijia baadaye, pikipiki zenye breki ya diski mbele zilipoanza kujaa mjini na nikaona vijana wanasimama katika nafasi ambayo mimi nisingesimama. Shaka ilipokuja niliifukuza kama mbwa wa jirani. Nilirudi kwenye injini zangu na mafuta yangu machafu. Siku moja tu, bila kumwambia mtu, niliacha kulegeza breki za wateja. Sikujiuliza kwa nini nimeacha, kwa sababu nilijua nikijiuliza nitajibu.

Binti wa mdogo wangu sasa ni msichana wa miaka ishirini na moja, anasoma ufundi wa mitambo hapa Nakuru. Ana jina la mama yetu, kwa hivyo mimi humwita Mami na sijawahi kumgombeza sawasawa. Mwaka jana marafiki zake walimpeleka kwenye kiwanja kidogo cha lami nje ya mji, kile cha vigari vya mbio, akakuta watu wanazungusha pikipiki za supamoto. Alirudi amelogwa. Wale watu wakawa wanamwazima pikipiki na kumfundisha kila Jumamosi. Alikuja gereji kwangu akajaribu kunieleza, huku mikono ikienda juu na chini.

"Uncle, ni pikipiki ya matope imevalishwa viatu vya lami," alisema. "Ni nyepesi, iko juu, usukani ni mpana, lakini rimu ni ndogo na tairi ni pana kama za barabara. Kwa kona unatoa mguu unaweka mbele hivi, nyuma inateleza kidogo, unaingia."

"Na baba yako anajua?"

"Nilimuuliza. Alimaliza kupanga magunia yake kwanza. Halafu akasema, fundi akikuchagulia, sawa."

Fundi ni mimi. Hata mdogo wangu huniita hivyo. Nilijifanya natafuta kitambaa cha kupangusa mikono, maana machozi yalikuwa karibu. Mtu aliyempoteza mkewe kwenye pikipiki alikuwa ananikabidhi binti yake juu ya pikipiki, kwa sababu aliamini kwamba mimi najua.

Basi tukaanza kutafuta. Ya kwanza aliipata kwenye simu, motokrosi halisi ya mashindano ya matope, injini ya cc mia nne na hamsini, ya jamaa mmoja wa upande wa mashamba makubwa. Mami aliipenda mpaka akaipapasa tangi. Nilipoiwasha, ilinguruma na kuruka mkononi mwangu kabla sijaigusa vizuri. Nilimwambia mwenyewe asante, tunaenda. Injini ya namna hiyo huhudumiwa kwa saa, si kwa kilomita. Saa chache tu za kiwanjani na unaifungua kubadilisha pistoni, na vipuri vyake huvipati Nakuru hata ukikesha ukiomba. Tena mwanafunzi hajifunzi chochote juu ya chombo anachokiogopa. Mami alinuna mpaka tukafika mjini.

Ya pili ilikuwa hapa hapa Rhonda, pikipiki ya boda ya mia moja hamsini, iliyokatwa bamba la nyuma la kuzuia matope na kupakwa rangi ya machungwa. Kijana mwenyewe aliniambia, "Boss, hii ni supamoto ya mwananchi." Nilimwambia ni boda iliyonyolewa. Ilikuwa na chuma kizito, springi laini zinazolala chini kama mkate uliolowa, na kifaa cha kuegemeza miguu kilichokaa chini mno. Ukiilaza kwenye kona, kitagusa lami kabla tairi halijamaliza kazi yake. Nilisema hayo yote kwa sauti kubwa na kwa raha, watu wakasikia, Mami akacheka. Nilijiona mtu wa maana.

Ya tatu ilikuwa mjini, nyuma ya duka la vyuma, kwenye karakana ya mzee mmoja wa Kisikh ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye magari ya mbio. Mzee huyu alizaliwa Nakuru, na Kiswahili chake ni kile kile chetu. Alikuwa ameichukua pikipiki ya mia mbili hamsini iliyokuwa ikitumiwa na wapima ardhi porini, silinda moja, injini ya kupozwa kwa upepo. Akang'oa taa, vioo na kila kisichofanya kazi kiwanjani. Magurudumu yote mawili aliyasuka upya kwa rimu ndogo za inchi kumi na saba, spoki moja baada ya nyingine. Nilipokuwa nazungusha gurudumu kutafuta kasoro, aligonga spoki kwa bisibisi, zote zikalia sauti moja. Maana yake zilikuwa zimekazwa sawasawa, wala kasoro sikuipata.

Nilianza kuikagua. Uzito mwepesi, Mami angeweza kuiinua mwenyewe ikianguka, na kwenye mchezo huo kuanguka hakukosekani. Nguvu zake zilikuwa za kumtosha anayeanza, na akizizoea zingebaki kumtosha kwa muda mrefu. Injini ilikuwa ya aina ninayoweza kuifungua hata nikiwa na homa. Springi zilikuwa zimekazwa, vidole vya miguu vya Mami viligusa chini, usukani ulimkaa. Mbele kulikuwa na diski ya breki kubwa kama sahani ya chai.

"Ijaribu, fundi," mzee alisema. Alichora mstari wa chaki kwenye saruji ya ua wake, katikati. "Kuja na gia ya pili. Ukifika hapa, simama. Usishike breki kabla ya hapa."

Nilikuja. Kwenye mstari nilikanyaga mguu. Gurudumu la nyuma lilifunga, likalia, likayumba, na nikaenda kusimama karibu na lango. Mzee alikuja polepole. Hakunitazama mimi, alitazama ile alama nyeusi iliyobaki kwenye saruji.

"Hii disk ya mbele niliweka ya kuangalia tu?" aliuliza.

"Itanirusha, mzee."

"Itakurusha kama unaishika kama mtu anaua panya. Shika pole, halafu ongeza." Aliweka kiganja chake juu ya springi za mbele, akazibonyeza. "Ukifunga breki, uzito yote inakuja hapa. Nyuma inabaki nyepesi, karibu inaelea. Wewe umefunga ile haina uzito. Sasa hiyo itasimamisha nini?"

Kisha akamwambia Mami aje. Alikuja kwa mwendo ule ule wangu, labda zaidi kidogo. Kwenye mstari niliona vidole vyake viwili vikijikunja, pua ya pikipiki ikainama, na akasimama. Hakukuwa na kelele. Alikuwa anacheka ndani ya helmeti. "Uncle, si umeona?"

Niliona. Nilitembea kutoka kwenye mstari hadi aliposimama, hatua nne. Nikatembea kwenye alama yangu, hatua kumi na nne. Halafu nilijikuta nimekaa juu ya tairi kuukuu, kwa sababu kesho yake baada ya mazishi ya shemeji yangu nilikwenda peke yangu kwenye ile kona, na nilitembea juu ya alama nyeusi kama hii. Ilikuwa ya tairi moja, imenyooka, kutoka kwenye matawi hadi kwenye doa la dizeli. Nilizihesabu hatua zile siku ile bila kujua nahesabu nini. Najua mteremko si ua wa saruji, na najua walikuwa wawili juu ya pikipiki. Nilijaribu kujishikilia hapo, na sikuweza. Nafasi ilikuwepo. Mdogo wangu alikuwa na nafasi ya kutosha kabisa, nami nilikuwa nimemfungia mlango kwa spana.

Mzee aliniletea maji. Mami alivua helmeti akadhani ni jua. Aliinama mbele yangu, na bila kicheko tena akauliza, "Uncle, pikipiki ya dad ilikuwa na breki ya mbele?"

"Sikumbuki," nilimwambia.

Nimesema uongo mwingi kwa wateja, wa vipuri vitafika kesho na kazi imebaki kidogo. Ule ulikuwa wa aina nyingine. Nilimwambia mzee atuwekee pikipiki mpaka wiki ijayo, nikamwambia Mami nina kazi, nikaenda nyumbani nikalala na viatu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilipanda matatu kwenda Subukia, na kwenye mteremko niliangalia magoti yangu mpaka tukafika chini. Mdogo wangu alikuwa ametoka kanisani, amefungua nusu ya mlango wa duka, anapanga magunia ya chakula cha ng'ombe. Alifurahi kuniona. Alifikiri nimeleta habari za pikipiki, akanivutia kiti na kupangusa vumbi kwa mkono. Ule ukarimu wake nusura unifunge mdomo. Kama ningekaa kwenye kile kiti nisingesema, kwa hivyo nilibaki nimesimama.

"Breki yako ya mbele niliilegeza mimi," nilisema. "Kabla hujaanza kujifunza. Niliilegeza makusudi, ili isishike."

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Niliona wiki ya kwanza tu. Nikaomba spana kwa jirani nikaikaza. Ilikuwa inashika poa kabisa." Aliweka gunia chini. "Sikukuambia. Wewe ndio fundi, ningeanzaje kukusahihisha?"

Nitasema ukweli wote kwa kuwa nimeanza kuusema. Nilifurahi. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilihisi mzigo umenitoka mgongoni, kwamba breki ilikuwepo, kwamba si mimi. Niliona aibu ya furaha hiyo baadaye, lakini wakati ule niliionja. Kisha mdogo wangu akaendelea, taratibu, macho yake yakiwa barabarani.

"Ile siku vidole vilikuwa juu yake. Nilikuwa nimeishika tayari, sijafinya. Halafu nikakumbuka umeniambia itanirusha, na mama mtoto ako nyuma yangu. Nikaiachilia. Nikakanyaga mguu."

Nje kulikuwa na watu wanapita na nguo zao za kanisani. Mmoja alimsalimia, naye akamwinulia mkono. Kisha akanigeukia.

"Kwani ningefinya ingekuwa aje?"

Hapo ndipo ningeweza kuponyoka. Ningemwambia hakuna anayejua, ni mipango ya Mungu, ile kona ni mbaya. Maneno hayo yako tayari katika kila msiba, na yeye angeyapokea. Lakini angeendelea kuuadhibu ule mguu mpaka azikwe nao, na mimi ningeendelea kuitwa fundi.

"Mngesimama," nilimwambia.

"Una uhakika?"

"Nilienda nikatembea ile alama. Na jana nimeona binti yako akisimama. Mngesimama hata kabla ya kulifikia lori. Si mguu wako. Mguu wako haukuchelewa."

Alikaa kwenye kile kiti alichonipangusia. Alivua kofia akaishika magotini, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimwona akilia. Hakulia kwa sauti, mabega tu ndiyo yaliyokuwa yanaenda. Mimi pia nililia, nimesimama katikati ya magunia, mwanaume wa miaka hamsini na kitu. Nilimwomba msamaha. Nilimwomba mara mbili. Alifunga mlango wa duka mteja asituone hivyo.

"Wakwe zangu hawajui hii maneno," alisema.

"Nitaenda niwaambie."

"Utaenda."

"Na Mami nitamwambia."

"Huyo nitamwambia mwenyewe." Alijipangusa uso kwa kofia. "Hiyo pikipiki mmepata, iko aje?"

Nilimweleza yote, uzito, injini, yale magurudumu ya mzee. Nilikuwa naongea haraka, nashukuru kwamba ameniuliza jambo ninalolijua. Alisikiliza bila kunikata.

"Na breki anaitumia? Ya mbele?"

"Anaitumia vizuri sana. Vidole viwili, anafinya pole, anaongeza."

"Ni wewe ulimwonyesha?"

"Hapana. Ni wale watu wa kiwanjani."

Aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaegemea gunia ili mguu upumzike.

"Chukueni hiyo," alisema. "Ikiharibika, itengeneze. Hakuna mtu mwingine nataka aiguse. Lakini usimfundishe, fundi. Akikuuliza vile inaendeshwa, mwambie aulize wengine."

Nilimwambia sawa.